Ahadi ya Ilunga Ndani ya Kamba

Wenzangu mnaobaki na kamba, ngoma na kipaza sauti chenye betri dhaifu, mliniomba niandike jinsi kazi ilivyokuwa kabla yenu. Nimekubali kwa sababu tangu nistaafu hakuna anayenikatiza ninaposema, na nimegundua kwamba nisipokatizwa sijui niseme nini. Nitaandika Kiswahili cha vitabu kadiri ninavyokiweza. Chetu cha Kolwezi, mji wetu wa migodi, nawaachia watu wakiseme wenyewe. Habari za vyeo msizitafute hapa. Kikundi chetu kilikuwa na vyeo vingi kuliko viti.

Nilizaliwa mtaa wa Manika, hapa hapa Kolwezi, katika nyumba ya wafanyabiashara waliotoka Kasongo, watu wa swala tano, wa magunia ya unga na malori yanayoharibikia njiani. Baba yangu alitaka nikae dukani, nyuma ya kaunta, mahali ambapo binti wa watu anaonekana kifuani kwenda juu tu. Mimi nikaenda kusimama barabarani, mbele ya umati, nikipiga kelele. Alipoulizwa msikitini binti yake anafanya kazi gani, alijibu kwamba niko kwenye mambo ya afya. Hakusema uongo kabisa. Mara nyingi michezo yetu ilihusu kuhara.

Kwa wale wageni katika kikundi, nikumbushe kazi yenyewe. Tunacheza uwanjani, ndani ya duara la kamba iliyolazwa chini, watu wakituzunguka. Mara ya kwanza kisa kinakwenda mpaka mwisho, na mwisho ni mbaya: mjane ananyang'anywa nyumba, mchimbaji anapunjwa, binti anaachishwa shule. Kisha tunaanza upya, na safari hii mtazamaji yeyote akiona mambo yanakwenda ovyo anapaza sauti, "Ngoya!" Ndiyo ngoja yetu sisi wa huku. Mchezo unasimama, yeye anaingia ndani ya kamba, anachukua nafasi ya yule anayeonewa na kujaribu njia yake. Mimi nilisimama katikati. Nilimkaribisha anayeingia, nikawauliza wengine wameonaje, kisha nikamtoa. Kumtoa ndiyo kazi ngumu. Watu wanaogopa sana kuingia ndani ya kamba, na wakishaingia wanataka kuhamia.

Siku yangu ya kwanza Tata Kabwita (tata kwetu ni baba au mzee), mwanzilishi wa kikundi, alinipa ile kamba ya katani akaniambia niilaze chini iwe duara. Alikuwa mzee mwembamba ambaye zamani aliwafundisha maigizo wachimbaji wa kampuni, jioni walipotoka kazini, na alipenda kusema kwamba wachimbaji huigiza vizuri kwa sababu wamezoea kutopoteza pumzi. Nililaza kamba kwa bidii, nikasimama juu yake kama askari wa mpakani, na kila aliyeikanyaga nilimfukuza. Aliniacha kwa muda, kisha akaniita pembeni.

"Mama Zaina, unazani ile kamba ni ya kazi gani?"

Nilijibu kwamba ni ya kuzuia watu.

"Hapana. Ni ya kubaonyesha fasi ya kuruka."

Fasi ndiyo mahali, na ba- yetu ndiyo wa- ya vitabu. Nilidhani anatania. Mchana huohuo mama mmoja aliruka bila kuita "Ngoya" wala kuomba ruhusa, akamshika sikio mwigizaji aliyekuwa askari wa kizuizi cha barabarani, akamburura mpaka ukingoni. Mwigizaji huyo alikuwa Ilunga. Alikubali kuburutwa, akaendelea kudai karatasi za gari huku kichwa kimeinama upande, na watu walicheka mpaka wakasahau walikuwa wakienda sokoni. Baadaye alinijia taratibu kuniuliza, kwa kigugumizi, kama sikio lake bado lilikuwa jekundu.

Niwaelezeni Ilunga, maana wengi wenu mmemkuta akiwa hadithi tu. Nje ya kamba alikuwa mtu mpole kupita kiasi, aliyeomba radhi hata kwa mbuzi aliyemzibia njia. Maneno yalimkwama kooni kama mfupa wa samaki. Akiingia ndani ya kamba kigugumizi kilimtoka, nasi hatukujua kinakwenda wapi kungoja. Alikuwa na tumbo la heshima na koti la vifungo viwili viwili alilookota kwenye mitumba, kwa hiyo alipewa wakubwa wote: mwenye nyumba, hakimu, mkuu wa polisi, mkurugenzi. Kolwezi haikuwa na mkubwa aliyetukanwa kama yeye, wala mkubwa mwenye makosa machache kama yake.

Miaka ile ya mwanzo nilijifunza mambo ambayo hayamo kwenye semina mnazopelekwa. Waigizaji ndio waelekee jua, watazamaji wakae jua likiwa mgongoni. Mtu anayekunja uso kwa sababu ya jua utadhani hakubaliani nawe. Msicheze upande ambao vumbi la shimo la mgodi linapelekwa na upepo, hata kama chifu amewapa kiwanja hicho kwa moyo mweupe. Na msitumie chakula halisi. Tulikuwa na mchezo juu ya mume mlevi anayerudi nyumbani na kumpiga mkewe kwa sababu bukari, ugali wetu, imepoa. Tata mmoja akaita "Ngoya!", akaingia kuchukua nafasi ya mume, akanawa mikono, akaketi, akala bukari yote pamoja na samaki, polepole, watu wote wakimwangalia. Alipomaliza alimshukuru mkewe wa mchezoni, akarudi mahali pake. Nikamwuliza alitaka kutuonyesha nini. Akajibu kwamba mtu aliyeshiba hapigi. Mfadhili aliyekuwa pale aliniuliza kama hayo yanahesabika kuwa ushiriki. Tata Kabwita alisema ndiyo ushiriki bora aliouona mwaka ule, na kwamba angetamani angewahi kuingia yeye.

Baba yangu naye alinaswa. Tulicheza karibu na soko la Manika, kisa cha mchuuzi anayewapunja wateja unga kwa kopo la kupimia, ile tunayoiita meka. Mwigizaji wetu alikuwa akiificha ngumi ndani ya meka waziwazi, kama mtoto. Nyuma kabisa ikatoka sauti ninayoijua tangu kuzaliwa: "Ngoya!" Baba akapenya na kofia yake kichwani, akasema hakuna mfanyabiashara duniani anayepunja kijinga namna ile, akachukua meka, akaonyesha. Alimimina unga kutoka juu ili uvimbe, akapitisha kiganja upesi juu yake, na meka ikaonekana imejaa ilhali robo yake ilikuwa hewa. Kazi safi kabisa. Alipoinua macho aliwaona wateja wake wote wamesimama mbele, wakiitazama meka. Alirudi nyumbani akitembea mbele yangu, hatua ndefu. Lakini hakunipinga tena kuhusu kazi yangu, na unga wa dukani kwetu kwa muda mrefu ulikuwa ukimwagika juu ya meka.

Sasa nifike kwenye kile mnachokitaka, maana najua mliniomba niandike kwa sababu ya Musonoi.

Nilikuwa nimeshazeeka katika kazi, na Tata Kabwita alikuwa ameshazeeka katika kila kitu, miguu kwanza. Shirika moja la kutoka nje lilitujia pamoja na watu wa kampuni yenye shimo jirani na mitaa ya Musonoi. Kulikuwa na barabara moja ambayo nyumba zake zilikuwa zikipasuka kila baruti ilipolipuliwa, na wakaaji wake walitakiwa kuhamishiwa mtaa mpya, mbali, juu ya kilima kikavu. Walitaka mchezo wa kuwaandaa watu. Tena walikuja nao tayari umeandikwa. Uliitwa "Kuhama kwa Furaha". Ndani yake mke anakataa kuhama kwa sababu hajaelewa, mkurugenzi anamweleza vizuri, mke anaelewa, wote wanacheza ngoma.

Tata Kabwita alisomewa ukurasa kwa ukurasa, kwa sababu macho nayo yalikuwa yanamwacha. Alisema huo si mchezo bali tangazo lililovalishwa viatu. Tukauliza basi kama watazamaji wataruhusiwa kuita "Ngoya". Yule kijana wa shirika akasema bila shaka, wao wanaamini sana katika ushiriki, mradi watu washiriki katika ule mwelekeo. Tukakubali. Mwigizaji asiyekubali kazi huishia kuigiza njaa, na huo mchezo hauna mwisho mzuri.

Tulicheza asubuhi, kwenye njia panda ya barabara ile ile. Ilunga alivaa koti lake akawa mkurugenzi. Mara ya kwanza mchezo ulikwenda ulivyoandikwa, na ngoma ya mwisho ilichezwa na waigizaji peke yao. Tulipoanza upya, kabla mkurugenzi hajamaliza salamu, mama mmoja akaita "Ngoya" kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemwita jirani.

Alikuwa Mama Ngoie, muuzaji wa samaki wakavu, mwenye asili ya kaskazini, mwimbaji wa kwaya ya kanisa lake. Aliingia na bidoni ya njano, dumu letu la maji, akaiweka chini mbele ya Ilunga, akachukua nafasi ya mke.

"Tata Directeur, kule munatupeleka, mayi iko?"

Ilunga alijibu kama ilivyoandikwa, kwamba suala la maji wanalifuatilia.

"Mi sikuuliza kama munafuatilia. Nimeuliza mayi."

Ilunga akasema kuna mpango. Mama Ngoie akaketi juu ya bidoni yake. Ilunga akasema mambo mazuri huja polepole. Mama Ngoie akavuta kitenge chake juu ya magoti. Nilisogea ili nimtoe kwa heshima, kama ilivyo kazi yangu, naye akanitazama tu, nami nikarudi nilikotoka. Ninyi mnajua kanuni tuliyorithi: ukiwa ndani ya kamba unajibu kama ambavyo mtu unayemwigiza angejibu mbele ya mtu yule, hukimbilii kusema kwamba wewe ni mwigizaji tu. Ilunga alimtazama mama yule, akatazama bidoni, akafunga kifungo cha koti.

"Mama," alisema, "hakuna muntu atahama hapa mbele ya mayi kutoka kule. Mi njo nasema."

Mbele, kwa huku kwetu, ndiyo kabla, na njo ni ndiyo au ndiye. Watu walipiga kelele mpaka mbwa wakakimbia. Nami nilifanya kazi yangu, nikauliza umati swali tunalouliza daima baada ya mtu kuingia: je, hili linaweza kutokea kweli?

"Shi imetokea," akajibu tata mmoja kwa mshangao, kama mtu anayeulizwa kama jua limechomoza. Yaani, si limetokea?

Wiki iliyofuata watu wa kampuni walikwenda kupima nyumba, wakaambiwa barabara nzima haihami mpaka maji yatoke mtaa mpya, kwa sababu Directeur amesema. Wakauliza ni directeur gani. Wakaelezwa: mnene, mwenye koti, mtu mzuri sana. Tukaitwa ofisini kwa shirika. Kijana yule alikuwa amepauka. Alisema tulitumwa kuwafanya watu washiriki. Nikamwambia wameshiriki. Akasema si hivyo. Nikamwomba anionyeshe kwenye karatasi mahali palipoandikwa washiriki vipi, akafunua funua, akafunga. Sikumchukia, naye alikuwa amepewa mchezo ulioandikwa na wengine.

Aliyeteseka ni Ilunga. Hakuweza kununua mkate bila mtu kumwuliza maji yamefika wapi. Madereva wa taxi-moto, pikipiki zetu za abiria, walimpigia honi, "Directeur, tunangoya." Alikonda, na koti likaanza kumning'inia, jambo lililotutia wasiwasi sote kwa sababu hatukuwa na mkubwa mwingine. Mwishowe alisema atakwenda Musonoi kuwaambia ukweli, kwamba yeye ni mwigizaji, hana kampuni wala bomba, na waache kumtegemea. Aliniomba nimsindikize kwa sababu alijua kigugumizi kitamnyonga njiani.

Tulimkuta Mama Ngoie nje ya nyumba yake, akipanga samaki kwenye beseni. Ufa kwenye ukuta nyuma yake ulikuwa umepita dirishani na kutokea upande wa pili; mtu angeweza kupitisha mkono. Ilunga alijikaza, akatoa maneno yake moja moja, na mama akamsikiliza mpaka mwisho bila kumsaidia hata neno moja. Kisha akampa kiti.

"Tunayua unachezaka, tata. Hatuko bajinga. Lakini ba kweli bote balikuya hapa, hakuna alisema ile neno. Weye wa bongo njo ulisema."

Bongo ndiyo uongo, na ba kweli ndio wakubwa wa kweli waliokuja. Ilunga aliketi pale kwa muda mrefu. Mimi nilinunua samaki, kwa kuwa sikujua mikono yangu niipeleke wapi. Tulipofika barabara kuu akasema, bila kukwama hata silabi moja, kwamba Jumatatu anakwenda kampuni.

Alikwenda na koti. Tulikuwa sisi wawili, Mama Ngoie, na akina mama wengine wachache waliovaa vitenge vya kanisani. Mlinzi wa geti alipoona koti na tumbo, alipiga saluti na kufungua. Nawaambieni kweli, watu wa barabara ile walikuwa wameomba kuingia pale tangu mvua zianze, na walikuwa na barua. Koti halikuombwa barua.

Mkubwa wa mahusiano na wakaaji aliitwa Mukeba. Nilitazamia jitu la kutisha. Nikamwona mtu wa makamo, mwenye macho ya kuchoka, anayekula karanga kutoka kwenye kikaratasi mezani. Alipomwona Ilunga alisimama haraka, akidhani ametumwa na wakubwa wa Lubumbashi. Alimwuliza yeye ni nani.

"Mi njo weye, tata," Ilunga alisema.

Ilibidi tumweleze. Kumbe alishasikia habari za directeur wa Musonoi na kwa muda mrefu alikuwa akijaribu kujua ni mwenzake yupi aliyemzunguka. Alicheka kwanza, kisha akaacha. Akasema hana uwezo wa kuahidi chochote. Akatoa karatasi kwenye droo, akatuonyesha maneno anayoruhusiwa kuyasema, na kweli yalikuwa yale yale ya mchezo wetu: tunafuatilia, kuna mpango, mambo mazuri huja polepole.

"Banaandika kule juu," alisema, "mi nasoma huku chini. Njo kazi yangu."

"Na mi vilevile, tata," Ilunga akamjibu. "Tofauti iko moja tu. Mi, bantu banaweza kunisimamisha."

Mukeba alizungusha karanga moja kati ya vidole. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia. Aliuliza watu walifanya nini Ilunga aliposema yale maneno. Mama Ngoie akamwambia walipiga makofi. Akauliza kama yalikuwa makofi mengi. Mama Ngoie akamwambia mbwa walikimbia. Nadhani katika miaka yake yote ya kusoma karatasi hakuna aliyewahi kumpigia makofi mtu yule, isipokuwa wale wanaolipwa kukaa safu ya mbele. Alituaga kwa adabu bila kutuahidi kitu, nasi tukatoka tukiamini tumeshindwa.

Sijui alisema nini huko juu wala alimwendea nani. Najua tu kwamba baada ya mvua kukatika alikuja mwenyewe Musonoi, Jumapili, misa zilipokwisha. Aliniomba nilaze kamba. Alisimama katikati ya duara akiwa na koti, zuri kuliko la Ilunga, na Ilunga alisimama nje kama mtazamaji, mikono mfukoni. Mukeba aliwasalimu wakaaji, akafunga kifungo cha koti kwa namna ile ile ya Ilunga. Alikuwa ameulizia, nadhani, jinsi ilivyofanywa. Akatangaza kwamba kisha watu kuhama, yaani baada ya wao kuhama, mayi itatoka.

"Ngoya," alisema Mama Ngoie.

Mukeba akasimama. Hakujua aangalie wapi, akaniangalia mimi.

"Haiko kisha," Mama Ngoie akasema. "Ni mbele."

Walinzi wake walisogea. Nilimwambia Mukeba, kwa sauti ya kazi, kwamba anaweza kurudia, hapa kila mtu huruhusiwa kurudia. Jasho lilimtoka. Alimtafuta Ilunga katika umati, na Ilunga akamwitikia kidogo kwa kichwa, kama tunavyomtia moyo mwenzetu aliyesahau maneno. Mukeba akafungua kifungo, akakifunga upya, akasema: "Mbele ya watu kuhama, mayi itatoka." Akapata makofi yake. Yalikuwa mengi. Aliondoka akitabasamu kama mtoto wa komunyo ya kwanza, na nilimsikia dereva wake akiuliza kama bwana yuko salama.

Maji yalichelewa, lakini yalitoka. Walichimba kisima kirefu na kuweka pampu ya mkono, halafu watu wakahama, mbele na kisha zikiwa mahali pake. Shirika liliandika ripoti nzuri sana iliyosema kwamba sanaa imewasaidia wakaaji kuukubali mradi. Kwenye picha ya jalada tupo sote isipokuwa Ilunga na Mama Ngoie; walikuwa wamesimama upande usiofaa wa jua. Mukeba alihamishwa baada ya muda. Wengine walisema amepandishwa, wengine wakasema ameadhibiwa. Katika kazi yake ni vigumu kutofautisha. Tata Kabwita alifariki kabla ya kiangazi kwisha. Nilikuwa nimemsimulia yote kitandani, na aliuliza jambo moja tu, kama Mukeba alisimama vizuri. Nikasema aliupa umati mgongo mara mbili. Akaguna, akasema watu wa ofisi wote wana kosa hilo.

Pampu ikaharibika, kama kila pampu. Watu wa mtaa mpya hawakwenda kampuni. Walikwenda nyumbani kwa Ilunga. Aliahidi yeye, basi ni yake. Mara ya kwanza alitafuta fundi. Mara ya pili alimshikia fundi vifaa. Mara ya tatu alikwenda peke yake. Tukawa tunafika mazoezini hatuna mkurugenzi, hatuna hakimu, hatuna mwenye nyumba, kwa sababu mwigizaji yuko kilimani amelala chini ya bomba. Siku moja alikuja kuniambia anahamia huko pamoja na familia yake, wamemchagua kuongoza kamati ya maji. Alinikabidhi koti, likiwa limekunjwa vizuri. Nilimwuliza kama amefikiri. Alisema, huku maneno yakimkwama moja moja, kwamba ndani ya kamba alikuwa anaonewa na watu kwa makosa ya wengine, na huko kilimani angalau ataonewa kwa makosa yake.

Tangu hapo tumejaribu wakubwa wengi. Ninyi mnawajua. Wanapiga kelele sana.

Baada ya kustaafu nilikwenda kumtembelea. Siwezi kusema ilikuwa safari ya heshima tu. Bomba letu la Manika lilikuwa kavu, kwa hiyo nilipanda taxi-moto na bidoni mapajani. Kilimani miti michache ilikuwa imeshika, na kuna kibanda cha kuuza vocha, na kanisa la mabati. Ilunga alikuwa amepiga magoti kando ya pampu, mikono imejaa grisi, akimwambia mtu fulani ashike hapa na aachie pale, kwa kigugumizi, na wote wakimngoja amalize. Nilikwenda moja kwa moja kwenye bomba, kama mtu anayejua kwamba, kwa namna fulani, kisima hiki kilianzia kwenye kamba yake. Mama mmoja kijana, mwenye mtoto mgongoni, alinigusa bega.

"Mama, mustari inaanzia kule."

Nikarudi nyuma kabisa ya foleni. Baadaye yule mama kijana alinionea huruma, au alichoka kusimama, akaanza kuniongelesha. Alinionyesha Ilunga, akaniuliza kama namjua Directeur. Akasema yule alikuwa mkubwa wa kampuni, na gari, na mlinzi wa kumpigia saluti. Akaona jinsi watu wanavyoteseka na maji, akaacha kazi, akaja kukaa nao. Nikamwuliza nani amemwambia.

"Bantu bote banayua."

Kule mbele Ilunga alikuwa ameinuka, akijifuta mikono kwenye suruali. Aliniona, akanijua, akasikia pia, maana mama yule hakuwa akinong'ona. Alinitazama akingoja asikie nitasema nini. Kwa miaka yote niliishi kwa kuwauliza watu kama jambo linaweza kutokea kweli.

Nikamwambia mama kijana kwamba ni kweli kabisa. Mimi mwenyewe nilikuwapo siku alipoacha kazi. Kisha mstari ukasogea, nami nikasogea na bidoni yangu.